Namna ya Kufufua Kompaila ya Pascal-P4 kwenye Kompyuta ya Leo

Kompaila (programu inayotafsiri msimbo wa lugha ya programu hadi amri za mashine) ya Pascal-P4, iliyotoka mwaka 1976 katika chuo cha ETH mjini Zürich, Uswisi, inamfaa sana mtu anayetaka kujifunza kufufua kompaila ya kale, kwa kuwa ukubwa wake ni wa kiasi ambacho mtu mmoja anaweza kukisoma chote akakielewa. Kompaila yenyewe ina mistari ipatayo 4,000 ya Pascal, na kifasiri, yaani programu inayosoma na kutekeleza amri zinazotolewa na kompaila, ni kifupi zaidi. Niklaus Wirth, mbunifu wa lugha ya Pascal, na wenzake walikuwa na kompaila ya Pascal inayofanya kazi tangu mwaka 1970 kwenye mashine za CDC 6000, kompyuta kubwa za wakati huo, lakini vyuo vingine vilivyoiomba lugha hiyo vilikuwa na mashine za kila namna. Ndipo Nori, Ammann, Jensen na Nägeli wakaandaa kompaila isiyotoa amri za mashine yoyote halisi, ila amri za mashine ya kufikirika inayofanya hesabu zake kwenye rundo (stack), ambako kilichowekwa mwisho ndicho hutolewa kwanza. Amri hizo ndizo zinazoitwa p-code. Aliyeitaka Pascal alipelekewa tepu, naye akabaki na kazi moja tu, kuandika kifasiri cha amri hizo kwa lugha yoyote aliyokuwa nayo. UCSD Pascal ya San Diego, ambayo baadaye ilifika hadi kwenye kompyuta za Apple, ilichipuka kutoka toleo la awali la ukoo huohuo.

Kazi ya kuifufua leo ni ileile waliyopewa watu wa miaka ya 1970, isipokuwa sisi tuna nafasi ya kumbukumbu isiyo na kifani na tuna kompaila nyingine ya Pascal ya kutuazima mkono. Utahitaji Free Pascal, ambayo ni kompaila ya kisasa ya Pascal, kompaila ya C, git ya kutunza historia ya mafaili, na programu ndogo ya kulinganisha mafaili iitwayo cmp. Unapaswa pia kuzielewa Pascal na C kiasi cha kuzisoma bila kukwama. Ipo njia nyingine, ya kuiga mashine nzima ya CDC pamoja na mfumo endeshi wake, lakini hiyo ni kazi ya jumba la makumbusho, nami siipendekezi kwa anayetaka kompaila tu.

Nakala asilia isiguswe

Pata mafaili mawili, pcom ambayo ni kompaila, na pint ambayo ni kifasiri. Soma masharti ya matumizi yaliyoambatana na nakala uliyoipata, kisha yaingize mafaili hayo kwenye hazina mpya ya git kama yalivyo, bila kusahihisha hata nafasi tupu iliyo mwishoni mwa mstari, na uandike alama ya sha256 ya kila faili, ambayo hubadilika faili likibadilika hata kidogo. Mabadiliko yote utakayofanya baadaye yawe viraka vinavyojitegemea, kila kimoja na sababu yake. Huu si upole wa mhifadhi wa nyaraka tu. Utakuja kuona kwamba kompaila hii inahitaji msimbo wake usio na viraka vya Free Pascal, ili ithibitishe kwamba imefufuka kweli.

Kuitafuta mashine iliyojificha ndani ya msimbo

Hapa ndipo penye kazi, na hapa ndipo watu wengi huwa na haraka. Programu ya kale hubeba ndani yake umbo la mashine iliyozaliwa nayo, hata pale waandishi wake walipojitahidi kulificha. Kwa bahati nzuri waandishi wa P4 waliyakusanya mengi ya mambo hayo mwanzoni kabisa mwa pcom, kwenye orodha ya viwango thabiti. Utakuta intsize, realsize, charsize, ptrsize na setsize, vyote vikiwa na thamani ya 1. Utakuta maxint ikiwa 32767, ordmaxchar ikiwa 63, na sethigh ikiwa 47. Kila namba kati ya hizo ina maana yake, na usiibadilishe kabla hujaijua.

Ukubwa wa 1 kwa kila kitu maana yake ni kwamba mashine ya kufikirika haihesabu baiti, inahesabu vyumba. Namba kamili inakaa chumba kimoja, namba yenye desimali inakaa chumba kimoja, na hata herufi moja inajitwalia chumba kizima peke yake. Ni ubadhirifu, lakini ubadhirifu unaoturahisishia kazi mno, kwani hatutakuwa na suala la mpangilio wa baiti wala la kuanza kwenye anwani inayogawanyika kwa nane.

Thamani ya 63 inatokana na alama 64 za mashine iliyotumia biti sita kwa kila alama, na ambayo haikuwa na nafasi ya herufi kubwa na ndogo kwa pamoja. Katika ASCII, orodha ya namba za herufi inayotumiwa na kompyuta za leo, herufi ndogo a ni namba 97, kwa hiyo kompaila itakayoachwa na ordmaxchar ya 63 itaziona herufi zetu za kila siku kuwa ziko nje ya mipaka ya aina ya char. Kiwango hiki lazima kipande hadi 127.

Kuhusu 47, fungua mahali palipotajwa aina iitwayo symbol, ile orodha inayoanza na ident, intconst, realconst na kuishia na thensy na othersy, uhesabu majina yake kwa kidole. Yako 48. Kompaila hii hutumia seti za alama hizo kila mahali ili kujua ni neno gani linaloruhusiwa kufuata baada ya kosa, kwa hiyo seti inayobeba 0 hadi 47 inatosha barabara, wala haina nafasi ya ziada. Mashine ya CDC ilikuwa na neno (kipimo ambacho mashine hukishughulikia kwa mkupuo) la biti 60, hivyo seti nzima iliingia kwenye neno moja na kubaki na nafasi.

Neno hilo la biti 60 linajitokeza pia ndani ya pint. Angalia aina tatu zinazoitwa bit4, bit6 na bit20. Jumla ya namba zilizo kwenye majina hayo ni 30, na kila kipengele cha safu ya amri kinabeba amri mbili. Mara mbili thelathini ni sitini. Aliyeandika kifasiri hicho alikuwa akipakia amri mbili katika neno moja la mashine yake, na msomaji asiyelijua hilo atajiuliza kwa nini kila tawi la programu linashughulikia op1 na op2 kana kwamba ni pacha. Hatutauhitaji upakiaji huo. Amri moja kwa kila kipengele cha safu inatosha.

Jambo la mwisho la kutazama ni majina. P4 hutambua herufi nane za mwanzo za jina, zinazofuata haizijali. Ukiandika programu yenye vigeu (variables) viwili, hesabuyamwezi na hesabuyamwaka, vyote vitaonekana kuwa hesabuya, nawe utapewa kosa namba 101, yaani jina limetangazwa mara mbili. Makosa yote hutolewa kwa namba tu, bila neno la maelezo: 14 ni nukta mkato iliyokosekana, 104 ni jina lisilotangazwa. Chapisha orodha ya namba hizo uibandike ukutani. Steven Pemberton na Martin Daniels waliandika mwaka 1982 kitabu kizima cha kuufafanua msimbo wa P4, na ukikipata kitakuokolea siku kadhaa.

Kumwazima mwenyeji

Kompaila iliyoandikwa kwa lugha yake yenyewe ina tatizo la yai na kuku, na Zürich walilionja mapema. Jaribio la kwanza la mwaka 1969 la kuandika kompaila ya Pascal kwa Fortran halikufanikiwa. Safari ya pili waliiandika kompaila kwa Pascal, lugha ambayo hakuna mashine iliyoielewa bado, kisha Rudolf Schild akajifungia nyumbani wiki mbili akiitafsiri kwa mkono hadi lugha ya chini iliyoitwa Scallop. Sisi hatuna haja ya kujifungia, kwa sababu Free Pascal, ambayo ndiyo mwenyeji wetu, ina hali inayofuata ISO 7185, kiwango cha kimataifa cha Pascal, nayo huwashwa kwa amri hii:

```
fpc -Miso pcom.pas
```

Itakataa mara ya kwanza, na ni vyema ikatae. Malalamiko yake yatakuwa ya aina tatu. Kwanza, faili liitwalo prr, ambako p-code huandikwa, ni jina ambalo P4 inalijua tangu kuzaliwa lakini Free Pascal hailijui, kwa hiyo utalitangaza kuwa text, utalipa jina la faili la kwenye diski, na utaongeza rewrite kabla ya uandishi wa kwanza. Pili, pcom huita mark na release ili kurudisha kumbukumbu kila inapomaliza prosija (procedure) moja. Hapo tangaza prosija mbili tupu zenye majina hayo, zisizofanya lolote, kwani kumbukumbu ambayo ilikuwa dhahabu mwaka 1976 leo hatutaona hata ilikopungua. Tatu, sehemu inayochapisha majedwali kwa ajili ya uchunguzi hutumia ord juu ya vielekezi, jambo ambalo kiwango hakiliruhusu. Sehemu hiyo unaweza kuinyamazisha, kwa kuwa haigusi p-code inayotolewa.

Viraka hivi vitatu vikae kwenye faili lao, tofauti na kile kinachobadilisha ordmaxchar na sethigh. Sababu ni kwamba P4 haikubali mtu atangaze faili lake mwenyewe, inayajua mafaili yake manne tu, input, output, prd na prr. Ukiichanganya nakala ya mwenyeji na nakala halisi, siku ya kuipa kompaila msimbo wake yenyewe itaukataa.

Kompaila ikishakubali, ipe programu ndogo:

```
program jaribio(output);
var x: integer;
    y: integer;
begin
  y := 6;
  x := y + 1;
  writeln(x)
end.
```

Kisha fungua faili la prr. Katikati yake utakuta mistari inayofanana na hii:

```
 ldci     6
 sroi    10
 ldoi    10
 ldci     1
 adi
 sroi     9
```

Soma taratibu, kwa sababu ukiielewa mistari hii sita umeielewa nusu ya mashine. Amri ya kwanza inaweka 6 juu ya rundo. Ya pili inaichukua na kuihifadhi kwenye chumba cha 10, ambacho ndicho makazi ya y. Ya tatu inaipakia tena, ya nne inaweka 1, adi inajumlisha viwili vya juu na kuacha jumla, na ya mwisho inaipeleka chumba cha 9, kwa x. Herufi i iliyogandana na amri inasema kwamba kinachoshughulikiwa ni namba kamili. Vigeu vinaanzia chumba cha 9 kwa kuwa vitano vya mwanzo ni vya kumbukumbu za prosija, na vinne vinavyofuata ni vya mafaili manne.

Kifasiri kipya kwa C

Ungeweza kuikompaili pint kwa Free Pascal na kuishia hapo. Mimi nashauri uitumie kama kitabu cha rejea, uandike kifasiri chako kwa C, kwani amri zote ni zipatazo 60 na nyingi ni za mstari mmoja. Chumba cha kumbukumbu kiwe hivi:

```
typedef union {
  int64_t  i;
  double   r;
  uint64_t s[2];
} chumba;
```

Namba kamili, herufi, thamani za kweli au uongo na anwani zote zinakaa kwenye i. Seti nimeipa biti 128 kwa makusudi. Kumbuka kwamba kompaila inahesabu vyumba, haijui ukubwa wa chumba. Kwa hiyo tunaweza kukipanua chumba chenyewe tukaacha setsize ikiwa 1, kisha tukapandisha sethigh hadi 127. Kwa njia hiyo seti ya herufi za ASCII, ambayo P4 asilia ingeikataa kwa kosa namba 304, inakubalika, na tumebadilisha viwango viwili tu katika msimbo mzima. Uzuri mwingine ni kwamba seti thabiti huandikwa kwenye p-code kama orodha ya namba ndani ya mabano, si kama biti, basi hakuna muundo wa faili unaovunjika.

Hapa pana mtego wa C. Ukitafuta kama kitu kimo ndani ya seti kwa kusogeza 1 kushoto mara k, na k ikazidi 63, kiwango cha C hakisemi nini kitatokea, na kwenye vichakataji vingi vya leo 65 hugeuka kuwa 1. Herufi A itaonekana kuwa kipengele cha kwanza baada ya sifuri, programu itaendelea kana kwamba hakuna lililotokea, na wewe utalaumu kompaila. Gawanya k kwa 64 kwanza ili kuchagua nusu ya seti, na ukatae k iliyo nje ya 0 hadi 127.

Prosija zinazokaa ndani ya prosija ndizo huwapa watu shida. Kila mwito huanza kwa mst, inayotenga vyumba vitano: cha matokeo ya kazi (function), cha kiungo cha mahali prosija ilipotangazwa, cha kiungo cha aliyeiita, cha mpaka wa rundo, na cha anwani ya kurudia. Viungo hivyo viwili visichanganywe. Kile cha mahali prosija ilipotangazwa hutumika kuvitafuta vigeu vya prosija ya nje, kwa kupanda ngazi moja moja:

```
int64_t msingi(int64_t ngazi) {
  int64_t a = mp;
  while (ngazi-- > 0)
    a = ghala[a + 1].i;
  return a;
}
```

Ukiweka a + 2 mahali pa a + 1, programu nyingi fupi zitaendelea kufanya kazi, maana mara nyingi aliyeiita prosija ndiye pia aliyeizunguka. Itakapofika prosija inayojiita yenyewe ndani ya nyingine ndipo mambo yatakapoharibika, tena kimyakimya. Andika jaribio la namna hiyo mapema.

Usomaji wa input nao una ukale wake. Pascal ya wakati ule hutaka alama ya kwanza ya faili iwe tayari tangu programu inapoanza, jambo lisilo na tatizo kwa kadi zilizotobolewa. Kwenye dirisha la amri, programu itakaa inasubiri ubonyeze kitu kabla haijakuuliza swali lenyewe. Tiba ni kuchelewesha usomaji hadi programu inapoihitaji alama hiyo kweli, yaani inapoitazama au inapouliza kama mstari umekwisha. Na ukiona jibu la jaribio letu limetoka na nafasi tisa tupu kabla ya 7, usitafute kosa. Upana wa kawaida wa namba kamili katika P4 ni alama 10.

Kuithibitisha

Sasa una vitu viwili: kompaila iliyojengwa na Free Pascal, tuiite A, na kifasiri cha C. Ipe A msimbo wa pcom wenye kiraka cha viwango tu, usio na viraka vya mwenyeji. P-code itakayotoka ni B. Iendeshe B ndani ya kifasiri chako, uipe msimbo uleule, nayo itatoa faili tutakaloliita C (si lugha ya C). Kisha:

```
cmp B C
```

Mafaili yakiwa sawa baiti kwa baiti, kompaila imejizaa yenyewe bila msaada wa mwenyeji. Yakitofautiana, usianze kusoma mistari elfu kadhaa ya p-code; tafuta mstari wa kwanza unaotofautiana, uone ni prosija gani ya pcom iliyokuwa ikikompailiwa, kisha ukate programu fupi yenye umbo hilo hilo.

Yangu ya mara ya kwanza hata kutofautiana haikufika. A ilipita bila kosa lolote, lakini B ilipoendeshwa ilichapisha kosa moja kwa kila mstari wa msimbo, tangu wa kwanza hadi wa mwisho. Nilikipekua kifasiri jioni nzima, nikaandika upya amri za kulinganisha, nikashuku hata msomaji wa lebo. Kumbe faili langu lilikuwa limepitia kompyuta ya Windows, na kila mstari ulibeba alama ya ziada ya kurudi mwanzo kabla ya alama ya mstari mpya. Free Pascal huimeza alama hiyo bila kusema neno, ndiyo maana A haikulalamika. Kifasiri changu kiliipitisha kama kilivyoipokea, na P4 inaiona kuwa alama haramu. Alama ya tab nayo ina hatari hiyohiyo, kwa kuwa kompaila hii inaruka nafasi tupu za kawaida tu. Niliufuta mstari mmoja nilioongeza kwenye kifasiri ili kuficha tatizo, nikasafisha faili badala yake, kisha nikaandika sha256 mpya kando ya ile ya awali pamoja na sababu ya kubadilika.

Baada ya hapo endesha mzunguko mara moja zaidi, faili C lizae D, ukitumia kifasiri kilichokompailiwa kwa ukaguzi wa -fsanitize=undefined, ambao utalifichua kila sogezo la biti lililovuka mpaka. Ukaguzi usipochapisha kitu, na cmp nayo ikirudi bila neno, weka B kwenye hazina pamoja na kifasiri. Atakayekuja baadaye hatahitaji Free Pascal tena. Kompaila ya C na faili hilo la p-code vitamtosha.